Soketi Isiyo na Mwenzake

Mliokuta duka langu limefungwa wiki ile mkadhani nimefiwa, asanteni kwa pole zenu. Mama Rebeka aliyeleta sukari ya msiba asinidai, sukari tumeshainywa. Hakufa mtu. Nilikuwa safarini na mama yangu mzazi, tunatafuta soketi ya waya inafanya kazi gani. Kila nikianza kuwasimulia dukani, mteja anaingia anataka kupimiwa kitenge na hadithi inakatika, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote.

Mwisenge hadi Nyakato

Gari la marehemu baba mnalijua: ile stesheni wagoni ya zamani, rangi ya maziwa, inayokaa chini ya turubai nyuma ya duka langu hapa Mwisenge. Nyumbani tunaliita Shangazi, kwa sababu likifika mahali lazima kila mtu ajue limefika, na kuondoka kwake kunachukua muda. Baba alipofariki miaka mitatu iliyopita tulilifunika. Mama akawa analifunua kila Jumamosi, analifuta vumbi, analifunika tena.

Kaka yangu Bwire, mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyeanzisha maneno. Alipata mnunuzi kutoka Mwanza. Mama aliposikia hakukataa, alisema tu, "Sawa, nyie ndio wenye akili," na siku hiyo hakugusa chakula. Nikamwambia Bwire gari bado zima, litampeleka mama kanisani. Bwire hakubishana. Alifungua boneti, akaingiza mkono kando ya betri, akavuta waya mnene wenye soketi nyeusi mwishoni, ya matundu mawili, haijachomekwa popote. Akaigusa na bisibisi. Cheche zikaruka.

"Hii ina moto," alisema. "Huo moto unaenda wapi? Mimi simpandishi mama kwenye gari lenye waya wa moto ambao hakuna anayejua kazi yake. Nitajie kazi ya hii soketi kabla ya Jumapili, gari linabaki. Ukishindwa, mnunuzi anakuja kulichukua."

Mnanijua. Mtu akiniambia "ukishindwa" silali. Kesho yake asubuhi nilijaza maji kwenye rejeta, nikarudisha betri niliyokuwa nimeichaji, nikawasha. Mama akatoka ndani amevaa kitenge kipya na mfuko mkubwa begani.

"Mama, tunaenda hapo Nyakato tu, kwa fundi."

"Nimesikia," alisema, akapanda mbele. Nikataka kuuweka mfuko nyuma, akaukumbatia. Nikamuuliza kama amebeba mayai. "Ni kama mayai," akanijibu, akatazama mbele.

Fundi umeme wa Nyakato anaitwa Masatu. Sijui kama mmeona desturi ya mafundi wetu: akifungua boneti, kazi ya kwanza si kutafuta ubovu, ni kumlaani fundi aliyetangulia. Masatu alitikisa kichwa weee, mpaka nikaanza kuona haya kwa niaba ya gari.

"Nani aliwafungia hii? Huyu hakuwaga fundi. Huyu alikuwaga mvuvi."

Alikuwa anaongea na mlinzi wa gereji, ingawa ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nilipomuuliza soketi ni ya nini, akasema, "Dada, haya mambo ni ya kiufundi," halafu akachukua koleo ili aikate. Nikamshika mkono. Nikamwambia akiikata hapo kila mtu atalala salama ila hatutajua kitu. Akanuna, akaanza kufunua utepe wa waya. Chini yake akakuta uzi wa kushonea viatu, uliopakwa nta na kufungwa fundo la pembeni. Sura yake ikabadilika.

"Hii fundo naijua. Ni ya Mzee Wambura wa Butiama. Yule ndiye alinifundishaga kazi." Akaifunga tena taratibu kwa mikono miwili. "Kazi yenyewe si mbaya, ukiangalia vizuri."

"Basi Butiama," mama akasema kutoka garini, kabla sijafunga boneti.

Nyakato hadi Butiama

Masatu alinipa namba ya simu ya nyumbani kwa Mzee Wambura, akasema atawaambia tunakwenda. Tulipita Makutano vizuri tu, mama akipungia watu mkono kama mgombea. Tulipoanza kupanda kuelekea Butiama, Shangazi akachemka. Nikaegesha pembeni, nikafungua rejeta kwa kitambaa, mvuke ukatoka. Nikapiga ile namba kueleza kwamba tutachelewa. Akapokea mke wa Mzee Wambura.

"Tunakuja mama, ila Shangazi amezimika hapa njiani."

Akaniuliza, "Anapumua?"

Nikadhani anaulizia rejeta. "Anapumua sana. Nimemfungua kidogo apoe."

Akakata simu. Hatujakaa sana, zikaja bodaboda mbili kwa kasi. Ya kwanza ilibeba blanketi na chupa ya uji. Ya pili ilibeba muuguzi mstaafu, na kipimo chake cha presha amekishika kifuani. Nilieleza mara mbili kwamba shangazi ni gari. Vijana wa bodaboda walicheka mpaka mmoja akakaa chini, lakini yule muuguzi hakucheka. Alisema hajatoka nyumbani kwake na kupanda pikipiki kwa ajili ya rejeta, na hatarudi bila kupima mtu. Akampima mama, presha nzuri. Akanipima mimi, akaniambia nipunguze hasira. Uji tuliunywa palepale, wa ulezi, bado wa moto.

Mzee Wambura tulimkuta nyumbani kwake, ameshaambiwa kisa chote na anacheka peke yake. Alisalimiana na mama kwa muda mrefu, wakaulizana habari za watu ambao wengi wao wameshafariki. Ndipo akafungua boneti.

"Lo, lo, lo. Nani alifunga hii? Mtu wa namna hii anaharibiaga watu magari. Angefungwa yeye."

"Mzee, hebu angalia hilo fundo," nikamwambia.

Akavaa miwani. Akaliangalia fundo, akaligeuza, akalikuna kwa ukucha. Mke wake alikuwa amesimama nyuma yetu na bakuli la maziwa.

"Enzi zile vifaa havikuwepo," akasema hatimaye.

Mke wake alicheka mpaka maziwa yakamwagika. Ikabidi Mzee Wambura atueleze yote ili tuache kumcheka. Yeye alirekebisha tu mahali panya walipoguguna, soketi aliikuta ipo. Alimuuliza baba ni ya nini, baba akamjibu, "Rudisha kama ilivyokuwa." Akairudisha. Anachojua ni kwamba umeme wa gari lile mwanzo ulikuwa wa Mzee Mafuru wa Bunda.

Tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Mama alikula polepole kuliko nilivyowahi kumwona akila. Nilipomkonyeza kwamba saa zinakwenda, akaomba aongezwe maziwa. Nikampigia Bwire. Akauliza, "Umejua?" Nikasema bado. Akasema mnunuzi ameshamwuliza kama matairi ni mapya, na mimi nikakata simu, maana nilikuwa nimeambiwa nipunguze hasira.

Butiama hadi Bunda

Bunda tulifika jioni, na Mzee Mafuru hakuwepo. Alikuwa amekwenda mnadani kununua ng'ombe mmoja, na mkewe alituambia kwamba mume wake akienda kununua ng'ombe mmoja lazima awakague wote waliofika siku hiyo, awaulize na ukoo. Akasema tulale.

Mimi sikuwa na nguo ya kubadilisha. Mama alikuwa nayo. Alifungua ule mfuko wake kwa pembeni, akinipa mgongo, akatoa gauni, khanga mbili, mswaki na mafuta ya kujipaka. Nikamwuliza mtu anayekwenda Nyakato anabebaje mswaki.

"Siku hizi hujui utakutana na nini," akasema, akaufunga mfuko.

Mke wa Mzee Mafuru alipika gogogo wa mchuzi. Kwa msiomjua, ni samaki mwenye miiba inayokuadabisha ukimla kwa haraka, na mimi nilikuwa na haraka. Wale mama wawili walinitoa mwiba kidoleni huku wakiendelea na mazungumzo yao, hata hawakunitazama vizuri. Niliwaacha wanaongea.

Asubuhi Mzee Mafuru alirudi, na ng'ombe hakununua. Huyu alikuwa tofauti. Hakumlaani mtu. Aliinama kwenye boneti, akaishika ile soketi, akafuata waya kwa vidole mpaka karibu na betri, akanionyesha kibomba kidogo cha plastiki.

"Hapa niliweka fyuzi. Waya ukigusa chuma ukabaki hapo, fyuzi inakatika. Haiwezi kuunguza gari."

"Kwa hiyo ni kazi yako, mzee?"

"Ni yangu. Hii ni soketi ya trela la trekta. Nilizitoa kwenye trekta bovu la kubebea pamba, mbili, jike na dume. Jike nikafunga humu. Dume baba yako aliitia mfukoni, akachukua na waya mrefu, akaondoka. Namuuliza, unapeleka wapi? Ananiambia, Kisorya. Kufanya nini? Anacheka tu. Alikuwaga msiri yule."

Nikampigia Bwire palepale, nikamweleza habari ya fyuzi. "Nilisema kazi yake," akajibu. "Fyuzi sikuiulizia." Bwire alikuwa hivyohivyo hata tukiwa wadogo.

Nikageuka kwa mama. Alikuwa amekaa mbele kwenye gari, mlango wazi, anamenya karanga. "Mama, baba aliwahi kuwa na trela?"

"Trela? Hapana. Trela hakuwa nayo." Akaendelea na karanga zake.

Mzee Mafuru alikuwa anamtazama. "Mama yako ni mtu wa wapi?" akaniuliza.

"Ni mtu wa Kisorya."

"Ahaa," akasema, akaenda kunawa mikono. Nilimwona anatabasamu kwenye ndoo. Nilidhani amefurahi kukumbuka ujana wake.

Bunda hadi Kisorya

Njia nzima ya Bulamba na Kibara nilikuwa naongea mimi. Nilishajenga hoja yangu. Baba alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, dagaa wanahitaji kubebwa, kwa hiyo aliazima trela huko Kisorya, kwa hiyo tukimpata mwenye trela tumemaliza. Mama aliniitikia "eeh" kila nilipovuta pumzi. Kila tulipoliona ziwa aliacha kuitikia, akalitazama, halafu akaniambia endelea.

Kisorya nilianza kuulizia trela. Niliuliza kwa wanaoanika dagaa, nikauliza kwa mama ntilie aliyetupa samaki sato na ugali wa udaga, ule wa muhogo, nikauliza mpaka kwenye foleni ya kivuko, ambako kijana mmoja aliniambia nirudishe gari nyuma kwa sababu nimewazibia njia wanaokwenda Ukerewe. Nilimweleza siendi Ukerewe, natafuta trela. Akaniuliza trela la nani. Nikasema sijui. Akaniuliza lina rangi gani. Nikasema sijui. Akaenda kumwita mwenzake aje anisikilize.

Jua lilikuwa linashuka, na siku yangu ya mwisho ilikuwa imepotea. Nilirudi garini nimechoka, nikamwambia mama ukweli: nimeshindwa, tulale kwa ndugu zake, kesho turudi, na Shangazi atakwenda Mwanza. Nilipolisema hilo nilijikuta nafuta vumbi la usukani kwa kiganja. Sikujua kwamba nalipenda lile gari kiasi hicho.

"Twende kwanza kanisani nikasalimie," mama akasema.

Kanisa lao ni dogo, la matofali ya kuchoma, liko juu kidogo ya barabara. Ndani kwaya walikuwa kwenye mazoezi. Nikataka kuegesha kwenye kivuli.

"Siyo hapo," mama akasema. "Zunguka upande huu. Pua ielekee ukutani. Sogea. Sogea tena."

"Mama, nitagonga kanisa."

"Hugongi. Sogea. Hapo."

Akashuka, safari hii bila kuomba mkono. Ukutani, chini ya dirisha, palikuwa na kopo la mafuta ya kupikia limepigiliwa msumari mmoja, limeshika kutu kabisa. Mama akalizungusha pembeni. Nyuma yake ukaning'inia waya mnene, na mwisho wa waya ilikuwepo soketi nyeusi yenye meno mawili.

Nikashuka, nikayahesabu yale meno mara mbili.

Katekista alitoka ndani kuona nani amekuja kuegemeza gari kanisani. Aliposikia tunashangaa nini, naye akashangaa. "Huo waya tuliukuta. Umeme ulipokuja huku, tulidhani ni wa mafundi wameusahau. Kila mwaka tunasemaga tuukate, halafu mtu anasema, tukate kitu hatukijui? Tunauacha."

"Mmefanya vizuri," mama akamwambia. "Sasa zimeni taa zenu."

Wakazima. Mama akafungua mfuko wake, akatoa khanga iliyoviringishwa, akaikunjua mkunjo kwa mkunjo, na ndani yake palikuwa na balbu. Balbu ya gari, kubwa, ya zamani. Katekista akapanda kwenye benchi, maana juu ya boriti palikuwa na kishikio cha taa ambacho nacho walidhani ni cha mafundi. Mimi nikafungua boneti, nikavuta soketi yetu, nikaichomeka kwenye ile ya ukutani. Ziliingiana bila kusukumwa sana. Wanakwaya wakasema "aaa" kwa pamoja, sauti zote nne, nikajua imewaka.

Haikuwa taa ya maana, kama mnataka niseme kweli. Mwanga wa njano, unatosha altare na mabenchi mawili ya mbele. Mama alikwenda akakaa kwenye benchi la pili, mwisho kabisa upande wa dirisha, bila kuuliza kama pana mtu. Nikakaa pembeni yake. Akaongea akiitazama balbu.

"Mazoezi tulikuwaga tunafanya jioni, tukitoka shamba. Babu yako alikuwaga mkali. Anasema, kanisa lina giza, binti zangu hawaimbi gizani. Ananirudisha nyumbani. Baba yako alikuwa anakujaga kununua dagaa, akasikia. Safari iliyofuata akaja na huu waya. Akaegesha kama ulivyoegesha wewe, taa ikawaka. Babu yako akakosa sababu."

"Na yeye alikuwa anaingia kuimba?"

"Baba yako? Na ile sauti? Alikuwa anakaaga nje kwenye gari. Anasema analinda betri." Akacheka kwa kuziba mdomo na kitenge. "Nikimaliza kuimba ananiuliza kupitia hapo dirishani, mwanga unatosha? Namwambia unatosha. Kila siku ananiuliza hivyohivyo."

Nikampigia Bwire kwa video. Nilimwonyesha balbu, nikamwonyesha waya, nikamwonyesha Shangazi amegusa ukuta kwa pua. Akaniambia nirudishe simu kwenye waya, akauangalia mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kazi yake ni hiyo? Kuwashia kwaya taa?"

Nilimtazama mama. "Mwambie ndiyo, kwaya," akaninong'oneza. Nikamwambia ndiyo, kwaya. Akaomba amwone mama. Nikamgeuzia simu. Sijui aliona nini usoni mwa mama, mimi nilikuwa nyuma ya simu, lakini nilimsikia anasafisha koo, anasema atampigia yule mtu wa Mwanza leo leo. Basi nanyi mnaosoma hapa, kwa Bwire ni kwaya tu.

Kurudi Mwisenge

Sikumuuliza usiku ule. Nilimuuliza kesho yake, tukiwa tumeshapita Kibara.

"Mama, ulijua tangu mwanzo. Nimezunguka kwa mafundi watatu, nimeulizia trela mpaka watu wa kivuko wamenicheka. Kwa nini hukusema pale Mwisenge?"

"Mliniuliza? Mlisema mnatafuta fundi. Mimi ni fundi?" Akarekebisha khanga. "Halafu yale ni mambo ya mtu kumwambia mtoto wake? Nimwambie Bwire, na upara ule, kwamba baba yake alinitafuta kwa waya?"

Nilicheka, naye akacheka. Masatu alikuwa ameniudhi kwa kuongea na mlinzi wakati mwenye ufunguo ni mimi, na mimi nilikuwa na mwenye gari pembeni yangu siku zote hizo, namwuliza habari za trela. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kawaida, "Na ningekwambia palepale, ungenileta?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini miaka mitatu amekuwa akiniambia anatamani kufika kwao, na miaka mitatu namjibu tutaona, duka likitulia. Niliendesha tu. Yeye akafungua karanga zilizobaki, akawa ananitilia moja moja mkononi.

Bunda tulisimama kumwambia Mzee Mafuru. Alisema alijua alipomwona mama. Butiama tulipita makusudi, tukale maziwa, na yule muuguzi akanipima tena, akasema nimeendelea vizuri.

Shangazi yupo nyuma ya duka, turubai tumelitoa. Ila juzi mama amekuja kuniambia kwamba honi yake hailii kama zamani. Inakoroma. Yeye si fundi, anasema, lakini anakumbuka kwamba aliyeifunga alikuwa mtu mmoja wa Tarime, na pale Tarime yupo rafiki yake waliyeimba pamoja, hawajaonana siku nyingi. Mimi nimeisikiliza ile honi asubuhi na jioni. Inalia vizuri kabisa. Nimempigia Bwire nikamwambia honi ni mbovu sana, na mfuko wa mama uko mlangoni tangu jana.